Ufunguo Uliokwenda Barabarani

Nilikuwa mkunga katika hospitali moja ya Eldoret miaka ile ya chama kimoja, wakati mkubwa yeyote akipita barabara ya Nakuru sisi watumishi wa serikali tulitolewa kazini tukampungie mikono. Siku hiyo ilikuwa zamu ya sista wetu wa wadi. Alikwenda, na ufunguo wa kabati la dawa ukining'inia kwenye mshipi wake kama kawaida. Dawa zilikuwa adimu, naye hakumwamini mtu. Hata mimi hakuniamini.

Asubuhi hiyo mama mmoja kijana kutoka Burnt Forest alijifungua mtoto wa kiume, kifungua mimba wake. Mtoto hakulia. Nilimpangusa, nikampulizia hewa kwa mfuko wa kupumulishia, lakini mapigo ya moyo yalizidi kufifia hadi sikuyasikia tena. Daktari, kijana mpole, akaanza kumbonyeza kifua kwa vidole gumba.

"Lete adrenalini."

"Iko kwa kabati, daktari. Ufunguo uko na sista, na sista ako barabarani."

Alinitazama kana kwamba namtania. Mhudumu akatoka mbio kumtafuta sista. Nililipiga kabati kwa chuma cha kutundikia dripu, likabonyea tu. Kwenye sinia tulikuwa na bikaboneti, dawa ya kupunguza asidi mwilini. Hiyo haiamshi moyo uliosimama, na sote wawili tulijua. Daktari aliidunga kwenye kitovu hata hivyo, polepole, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Nilisikiliza kifua. Kimya.

Daktari alipoondoa mikono kifuani, nyanya ya mtoto aliingia bila kuuliza. Kwao mtoto huitiwa majina ya jamaa waliokufa, na likitajwa lililo lake hupiga chafya.

"Nipatieni nimwite," alisema. "Pengine hajasikia lake."

Daktari alifungua kinywa amweleze, nikamkanyaga mguu. Nilimkabidhi mtoto. Akaanza na wazee wa mumewe, kisha wa kwao, akingoja kidogo baada ya kila jina.

Sista aliingia akihema, kibendera cha karatasi bado mkononi. Akafungua kabati. Adrenalini ilikuwa mbele kabisa.

"Mtoto ako wapi?"

Nyanya alimwinulia kidole anyamaze. Alikuwa ametaja jina la mwisho alilolijua, na alikuwa anangoja.