Shimizi la Unga wa Ulezi

Mara ya kwanza kupanda ndege nilikuwa nimevaa unga. Nimesema nimevaa, sikukosea.

Ilikuwa miaka ya sabini, nikiwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali Musoma mjini. Ofisi ilinikatia tiketi ya kwenda kozi Dar es Salaam, na wiki hiyo hiyo ikaja barua ya dada yangu aliyeolewa huko. Amejifungua mtoto wa kiume, maziwa hayatoki, mtoto analia kutwa. Ulezi haupatikani, hata sembe ni ya foleni. Kwetu mzazi asiyenyweshwa uji wa ulezi huonekana ametupwa na ndugu zake. Nilimpelekea mama barua hiyo pamoja na habari za safari yangu, naye aliposomewa alipanda lori kutoka kijijini kwetu Kibara na nusu debe ya unga, akaingia chumbani kwangu mtaa wa Kigera bila hodi.

"Unga huu utafika," alisema.

Nikamweleza kwamba ndege inaruhusu mzigo wa kilo kumi na tano tu, na nguo zangu na dagaa wa dada vimeshazimaliza. Kinachozidi hulipiwa, nami mshahara ulikuwa umeshakwisha. Mama alinitazama kama ninayeongea upuuzi. Alikuwa ameuza pamba miaka mingi kwenye ghala la ushirika, na mizani alijidai kuijua.

"Karani wa mizani anapimaga gunia," alisema. "Mwenye gunia hapimwagi."

Akachukua shimizi langu, akalishonea vifuko vya kitambaa cha marekani kiunoni, tumboni na makalioni, akavijaza unga wote. Juu yake nikavaa gauni lake la kanisani. Nilipojiona kwenye kioo nilitaka kulia. Mama alicheka hadi akakaa sakafuni.

Kesho yake mama alinisindikiza uwanja wa ndege, na karani aliweka begi langu kwenye mizani. Kilo kumi na tano kamili. Nikashusha pumzi.

"Na wewe panda, ndugu."

"Mimi?"

"Ndege ni ndogo. Rubani anataka uzito wa kila abiria."

Nilimgeukia mama, naye akajifanya anaangalia ziwa. Basi nikapanda. Mshale ukaenda, ukaenda, ukapita pale ambapo msichana wa umri wangu angestahili kuishia. Karani akautazama, akaitazama shingo yangu nyembamba, halafu macho yakateremka taratibu hadi kwenye gauni.

"Ndugu, uzito huu wote ni wako?"

Mama alishafika.

"Ni wa kwake! Sisi kwetu tunakulaga vizuri. Kwani na mwili mnalipishaga?"

Abiria wote wakacheka. Bwana mmoja mnene kuliko wote akasema kwa sauti kwamba hata yeye anasubiri jibu la swali hilo. Karani alikuna kichwa, akaandika uzito wangu kwenye fomu, akanirudishia tiketi.

"Mwili hatutozi," alisema.

Sijawahi kusikia sheria tamu kama hiyo. Mama alikuwa amekosea kabisa kuhusu mizani ya ndege, na bado alikuwa ameshinda. Nilikwenda kwenye ndege nikitembea kama bata, jasho likinitiririka, na mkanda wa kiti ulipokataa kufika nikavuta tumbo la unga kwa mikono miwili hadi ukakubali. Nilijisikia malkia.

Dada aliponifungulia mlango alishika mdomo.

"Na wewe una mimba?"

Nilimvuta hadi jikoni, nikapandisha gauni, nikamkabidhi wembe. Tulifumua vifuko kimoja kimoja juu ya sufuria huku tukicheka, na uji wa kwanza ukabandikwa kabla sijavua viatu. Alikunywa asubuhi, mchana na jioni, hata pale aliposema hataki tena nilimsimamia na bakuli mkononi.

Siku ya tatu aliniita kwa kelele. Nilikimbia nikidhani kuna baya. Kanga yake ilikuwa imelowa maziwa kifuani, na mtoto ananyonya kwa pupa mpaka anapaliwa.