Kiti Nilichokikalia Bila Kukitaka

Naikumbuka siku matokeo yetu ya kidato cha sita yalipofika Kilolo. Nilikuwa nimeongoza shule nzima, na baba akachinja kuku wawili. Mimi, mwanangu, nilipenda mimea. Viazi vyetu vilikuwa vikinyauka shambani kila masika, na tangu utotoni nilitaka kujua ugonjwa ule unatoka wapi. Nikasema nitaomba chuo cha kilimo.

Baba akaweka bakuli chini. "Kwa alama hizi urudi kwenye jembe? Jembe si lipo nyuma ya nyumba?"

Baba alikosea, Mungu amrehemu, lakini kosa kubwa lilikuwa langu. Yeye alisema; mkono uliojaza fomu ulikuwa wangu. Nikaandika udaktari, kwenye chuo ambacho jina lake likitajwa watu wanakaa sawa. Sikuuliza wanafundishaje wala maisha ya pale yakoje. Nilitaka jina tu.

Rafiki yangu wa dawati moja, Sekela, binti wa milimani kule Mbeya, aliomba udaktari chuo hichohicho. Dada yake alifariki akijifungua, na tangu hapo Sekela hakutamani kazi nyingine. Nafasi zikaishia kabla ya jina lake. Mimi nikaingia, yeye akarudi kwao kuchuma maua ya pareto.

Nilidumu mwaka mmoja. Sikufeli, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: nilikuwa nafaulu kitu nisichokipenda, huku kila asubuhi naamka na uzito kifuani. Nilipoacha, nikaenda Mbeya kumwomba Sekela radhi.

"Hukuninyang'anya, dada," alisema bila kuacha kuchuma. "Ulipata kwa haki. Ila ulikalia kiti usichokitaka, na mimi nimesimama mlangoni."

Nikainama, nikachuma naye hadi jioni. Mwaka ule Sekela aliomba chuo kidogo kisichotajwa sana, ambacho wanafunzi wake huingia wodini mapema. Akawa daktari katika mji wa Rujewa. Mimi nikaanza upya masomo ya kilimo, nikastaafu nikiwa mtaalamu wa mbegu za viazi.

Nilidhani ujinga ule ulikwisha na zama zetu. Juzi nikaenda Iringa mjini kwa mpwa wangu, ambaye binti yake kapata divisheni wani. Sebuleni wanaume watano wameinamia simu, wanamchagulia vyuo. Mwenyewe yuko jikoni anaosha vyombo.

"Yeye anataka nini?" nikauliza.

Mmoja akacheka. "Shangazi, mchagua jembe si mkulima."

Nilikasirika hadi chai ikanishinda. Methali ile ilisemwa kwa wavivu, si mtoto anayeuliza maisha yake yaelekee wapi. Watu hawa hawanunui ng'ombe bila kumkagua meno, lakini chuo cha miaka mitano wanakinunua kwa sifa za barabarani. Nikamwita binti aketi katikati yao, nikamkabidhi simu mkononi.

Kwa hiyo, mwanangu uliyefaulu vizuri, usikubali alama zako ziwe kamba ya kukuburuzia. Tazama ni somo gani linalokusahaulisha njaa. Soma kozi yenyewe, mwaka kwa mwaka. Mtafute anayesoma pale, umuulize mabaya kabla ya mazuri. Kama mji mkubwa unakuchosha, au darasa la watu mia tano linakumeza, lihesabu hilo pia. Huko si kudeka. Wazazi wasikilize, wameona mengi. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na atakayelala pale ni wewe. Sema mapema, kwa adabu, fomu ikiwa bado iko mkononi. Mimi nilinyamaza, nikadhani ndiyo heshima.

Mungu akufikishe mahali akili yako itakaponenepa, akupe walimu watakaokujua kwa jina, na akulegezee ulimi mbele ya wakubwa. Nenda, mwanangu. Baraka zangu unazo.