Aliyeshika Kamba ya Mume Wangu

Watu wakisikia mpanda miti wanafikiri ni mtu asiyejua hofu. Wanakosea sana. Mume wangu Hezroni alikuwa mwoga kuliko mwanamume yeyote niliyewahi kumwona, na uoga wake aliutunza vizuri kama alivyoutunza msumeno wake. Kabla ya kupanda aliuzunguka mti kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Aligonga shina kwa mgongo wa shoka akasikiliza, akakagua matawi makavu, akatazama upepo unaelekea wapi. Nikimpelekea uji namkuta bado anazunguka, uji unapoa, nami nafoka.

Kijiji chetu kiko juu mlimani, upande wa Mhezi, ambako nyumba ya mtu iko juu ya paa la mwenzake. Tawi likiangushwa vibaya linaweza kubingirika mpaka jikoni kwa jirani. Hezroni alipunguza mikenge iliyotia kivuli kahawa, akakata matawi yaliyolalia mapaa, akaangusha mikaratusi mizee kipande kwa kipande kutoka juu. Mwaka wa Uhuru, mlingoti wa bendera pale shuleni aliukata yeye. Baadaye, mambo ya ujamaa yalipoanza, kijiji kilimkabidhi kazi zote za miti, na sisi wengine tukamlimia zamu yake katika shamba la pamoja.

Vifaa vyake havikuwa vingi: panga, shoka, msumeno, mkanda wa ngozi wa kujifunga kwenye shina, na kamba nene ya katani aliyoinunua Same dukani kwa Athumani. Kamba hiyo ilitundikwa chumbani kwetu, juu ya kichwa changu. Haikuruhusiwa kukaa karibu na moto wala kuguswa na unyevu. Katani ikilowa, alisema, inaoza ndani huku nje inapendeza. Nilimwambia mara nyingi kwamba mimi mkewe sijawahi kutunzwa hivyo, akacheka.

Alikuwa na sharti moja ambalo kijiji kizima kililijua. Kamba ile ilifungwa kiunoni mwake, ikapitishwa juu ya panda ya mti, ikarudi chini kwa mshika kamba. Lakini kabla hajapanda, mshika kamba alipaswa kuitupa juu ya tawi la chini, aning'inie yeye kwanza, miguu ikiachana na ardhi, ajitikise mwili mzima. "Ikubebe wewe kwanza, ndipo inibebe mimi," alisema Hezroni.

Mshika kamba alikuwa Eliezeri, mdogo wangu, tumbo moja. Nilimleta mimi. Mume wangu alipotafuta mtu wa kumkabidhi uhai wake nilimwambia asisumbuke, yupo shemeji yake. Na kwa miaka mingi Eliezeri aliifanya kazi hiyo vizuri. Alining'inia huku akipiga mateke na kulia kama mbuzi anayechinjwa, watoto wanavunjika mbavu.

Mwaka wa 1975 tulijenga zahanati kwa nguvu zetu. Eliezeri alikuwa msimamizi wa ujenzi, na minong'ono ilikuwa kwamba ndiye atakayekuwa mwenyekiti wa kijiji. Mgeni kutoka wilayani alitarajiwa kuja kuifungua. Juu ya paa jipya palikuwa na mkaratusi wenye matawi mazito, na Hezroni akaambiwa ayaondoe kabla ya mgeni kufika.

Asubuhi hiyo nilikuwa shambani. Mafundi wa bati walishushwa kutoka kwenye paa, watu wakasogezwa mbali. Hezroni alimaliza kunoa msumeno, akaja chini ya mti, akauliza, "Umening'inia?"

"Nimening'inia, shemeji. Panda."

Alipanda. Alikuwa juu sana alipokanyaga tawi likavunjika, akaanguka, na kamba iliyopaswa kumdaka ikakatika.

Alibebwa kwa machela mpaka Same, kutoka hapo akapelekwa hospitali. Nyonga ilivunjika. Walimuunga, lakini daktari alisema miti basi.

Nilipotoka hospitali kuja kuwatazama watoto, Eliezeri alinikuta jikoni nikipukuchua mahindi. Aliniamkia, nikaitikia. Kisha akakaa chini akaanza kulia.

"Dada, kamba niliichukua mimi. Mlipokwenda msibani kijijini Mamba. Niliivutia magogo ya zahanati. Ikalowa mtoni, ikanyeshewa. Nikaianika, nikairudisha kabla hamjafika."

"Na kuning'inia je? Si ungening'inia ukajua?"

"Dada, ningening'inia ikakatika mbele za watu, wangeuliza imelowea wapi. Nilidhani itahimili."

Nilimtupia gunzi la hindi, nikamtupia na la pili, nikamtukana matusi ambayo mama yetu angenizaba kofi kwa kuyatamka. Alivumilia yote. Mwishowe akasema, "Mkutano ukiitwa nitasimama niseme hivi hivi nilivyokwambia." Alisema akiwa amenishika mikono. Nami nilikuwa nimembeba mgongoni yule, nimemfuta kamasi. Nilimwamini. Nikampakulia chakula akala.

Mkutano ulikuwa na uzito kwetu. Kama Hezroni aliumia kwa sababu ya kifaa kuharibiwa, basi aliumia akikitumikia kijiji, na kijiji kingetulimia na kutupa chakula kutoka shamba la pamoja. Kama ni uzembe wake, shauri yake. Na mpanda miti akishaitwa mzembe, hakuna atakayemwita hata kumwuliza neno juu ya mti.

Mkutano ulingoja mpaka Hezroni aliporudi kwa magongo. Njiani nilimwambia, "Usijitetee, Baba Rose. Ndugu yangu atasema mwenyewe."

"Una hakika?"

"Yule ni damu yangu."

Eliezeri alisimama. Alikuwa amevaa shati jeupe. Hakunitazama. Alisema, kwa sauti ya huzuni kabisa, "Ndugu zangu, huyu ni shemeji yangu, nampenda, lakini ukweli usemwe. Siku ile alikuwa na haraka. Nilimwambia aningoje nining'inie kwanza. Alikataa, akapanda."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto. Niliruka nikapiga kelele kwamba anasema uongo, kwamba alikuja jikoni kwangu akalia. Mwenyekiti aliyekuwa anamaliza muda wake akaniambia, "Mama Rose, kaa chini. Tunaelewa, unamtetea mumeo." Kisha akaomba wanaoona ni uzembe wa Hezroni wanyooshe mikono. Mikono ilinyooka. Hata wa Lugano, jirani yetu, fundi wa bati, ambaye nyumba yake Hezroni aliiokoa na mkenge uliokuwa unailalia. Hezroni alikuwa anawatazama mmoja mmoja.

Tulipofika nyumbani aliniambia neno moja tu kuhusu jambo lile, na hakulirudia. "Ulisema atasema."

Afadhali angenipiga.

Eliezeri akawa mwenyekiti. Mimi nililima peke yangu. Nikikutana naye njiani ananiita dada, ananiulizia hali ya shemeji, anauma na kupuliza mchana kweupe. Mama yetu alipofariki tulikaa msiba mmoja tukiwa tumepeana visogo. Watoto wangu waliniuliza kwa nini mjomba haji, nikawaambia ana kazi za kijiji.

Miti lakini haijui mikutano. Iliendelea kukua na kulalia nyumba, na Lugano, aliyezoea mapaa, akaja kumwomba Hezroni amfundishe. Hezroni alikubali. Alikaa kwenye kigoda chini ya mti na fimbo yake, akielekeza. Aliyeshika kamba nilikuwa mimi. Wanawake walinicheka nilipoanza kuning'inia na khanga zangu, baadaye wakazoea. Tulinunua kamba mpya, nayo nililala chini yake kama zamani.

Kisha ukaja mwaka wa mvua nyingi. Mkenge mkubwa ulipasuka tawi juu ya nyumba ya mwenyekiti, ndani yake wana wake wanalala. Alituma mtu atuite. Nilisema siendi. Hezroni alisema watoto hawana kosa, tukaenda, nami nikabeba sufuria ya uji wa kunywa wote baada ya kazi.

Tawi lilikuwa zito, na majirani walikuwa wamejaa kutazama. Lugano alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni. Ndipo Eliezeri alipotoka nyumbani, akakunja mikono ya shati, akaja akasimama karibu nami.

"Dada, nipe na mimi nishike. Mwanamke peke yako hutaweza."

Lugano aligeuka akamwona. "Mwenyekiti," alisema kwa adabu zote, "nakuomba usimame kule na wengine."

"Kwa nini? Kazi hii mimi nimeifanya miaka."

 Lugano alifungua fundo kiunoni, akaketi juu ya mzizi. "Nitapanda akishika Mama Rose."

Nilitazama majirani. Nilingoja mmoja ashangae, aulize mwenyekiti amekosa nini. Hakuna aliyeuliza. Walitazama chini, wengine wakakohoa. Eliezeri akarudi nyuma polepole, akasimama mlangoni kwake.

"Lugano," nikasema, "wewe ulijua?"

Alichezea ncha ya kamba. "Tulikuwa tumeshushwa kwenye bati, mama. Tumekaa nyuma ya ukuta. Tulimsikia akisema, 'Nimening'inia, shemeji, panda.' Sote tulisikia. Na jioni ile tulikuwa tumeshamwambia kila mtu."

"Na mkono uliunyoosha."

"Niliunyoosha." Akaiachia ncha ya kamba. "Tulijua ndiye anayeingia madarakani."

Nilimgeukia mume wangu pale kwenye kigoda.  "Baba Rose, na wewe ulijua kwamba walisikia?"

"Nilijua walikuwa nyuma ya ukuta," alisema Hezroni. "Siku ile mkutanoni nilikuwa namngoja mmoja wao."

Miaka yote nilimlaani ndugu yangu peke yake. Kumbe nilikuwa nawasalimia wengine asubuhi na jioni, nawaazima chumvi, nawashikia kamba.

Niliitupa kamba juu ya tawi la chini. Nikaning'inia mbele yao wote, nikajitikisa kwa nguvu mpaka khanga ikanidondoka kichwani. Kamba ilinibeba. Nikashuka, nikampa Lugano ncha yake, naye akajifunga akapanda, akijua vizuri kamba yake imeshikwa na nani. Niliishika barabara mpaka tawi la mwisho, mpaka akakanyaga ardhi. Kisha nikaikunja, nikachukua sufuria ya uji niliyowaletea, nikaumwaga wote chini ya mti.