Fundi wa Betri ya Sikio

Mfagiaji wa maabara akimwona fundi wa betri amebana pumzi, naye husimama kimya na ufagio wake. Mama yule fundi hubandua utando mweusi wa nyuzi nyembamba kuliko za buibui. Ukiupumulia tu, umechanika. Anataka kwa utando huo betri ndogo ya kifaa cha sikioni cha wasiosikia vizuri ishike chaji siku nzima. Baba yake, aliye mbali, hukizima chake mchana kutwa, akiweka akiba ya maongezi na bintiye. Jana jioni binti alimpigia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sema upesi mwanangu, sikio linazima."

"Baba, nimekukumbuka."

"Eh? Halo? Halo?"

"Nipo, baba," alijibu hata hivyo, akaishikilia simu mpaka mzee alipokata. Kisha akabana pumzi, akauinamia utando.