Jamvi la Rangi

Nimezaliwa Kisiwa Panza, kwa wavuvi, ambako mwanamke akishapara samaki hukaa barazani akasuka ukili wa mikeka. Katika miaka ya mwisho ya Mwingereza nikaolewa Ole, nikakuta watu wa karafuu na mihogo. Mume mpole, chakula tele, ila bahari huioni wala huisikii. Nililia, sisemi uongo. Kilichonituliza ni kusuka.

Karafuu zilipokaribia kuiva, mama mkwe akanipa miyaa, yale majani makavu ya kusukia, nisuke jamvi la kuanikia. Jamvi la karafuu ni kitu cha kazi: pana, gumu, halina urembo. Mimi nikanunua rangi ya unga dukani, nikaichemsha miyaa, mingine ikawa myekundu, mingine ya kijani, nikatia mistari inayopanda na kushuka kama mawimbi ya kwetu. Siku zote hizo niliimba. Mume wangu akasema nimeanza kunenepa.

Mama mkwe alilitazama jamvi kama mtu aliyeletewa mchele usiopetwa.

“Mwanangu, marangi yote haya ya nini? Kwani karafuu zina macho?”

Nilijua tu kwamba bila ile rangi mikono yangu ingesuka na roho ingebaki nje.

“Mara hii tu,” akasema. “Lijalo ukitia rangi, sikupi miyaa tena.”

Basi likatandikwa uani, karafuu zikaanikwa, na mvua ikaja bila hodi. Kwetu mikeka hukaa ndani. Nani aliwahi kuijaribu rangi kwa mvua? Karafuu za chini zilitoka nyekundu, nyingine kijani, utasema zinakwenda harusini. Majirani waliokuja kutusaidia kuzizoa walicheka hadi wakakaa chini. Mama mkwe hakucheka. Nikaingia chumbani nikijua kusuka kwangu ndio kumekwisha, na moyo uliniuma kweli.

Jua lilipowaka tena karafuu zilikauka zikawa kahawia kama nyingine zote. Lakini jamvi sikuliona tena uani. Nikadhani limechomwa moto.

Alasiri moja narudi kisimani, namkuta mama mkwe kajinyoosha barazani juu ya lile lile jamvi, anatafuna tambuu, kidole chake kinafuata wimbi moja, kinapanda, kinashuka. Aliponiona akakaa kitako.

“La kuvunda halina ubani,” akasema. “Kwa karafuu halifai tena. Nilitupe?”

“Hata, mama,” nikajibu, kicheko nimekibana kwa meno.

Ubavuni mwake palikuwa na mzigo mkubwa wa miyaa. Akausogeza kwa mguu hadi kwangu.

“Nusu suka jamvi jeupe, la karafuu. Nusu tia rangi, na safari hii uchemshe ishike. Hilo la kulalia mimi.”

“Na rangi za nini, mama?”

“Karafuu hazina macho,” akasema. “Mimi ninayo.”