Jina Lililowekwa Kando

Jina lilianza na kuku. Msichana alikuwa bado na pengo la meno ya mbele alipochukua faneli ya mama yake ya kumiminia mafuta ya taa, akaibandika kifuani kwa kuku, akatega sikio kwenye mrija, kisha akatangaza kwa sauti ya mtu mzima, "Huyu mapafu yake yanalalamika."

Fundi viatu, ambaye kibanda chake kilikuwa mkabala na mlango wao, alicheka mpaka misumari aliyoibana kwa midomo ikamtoka.

"Dokta! Na huu mgongo wangu je?"

"Kalale," mtoto akasema.

Basi, ikawa ndiyo hivyo. Mtaa mzima ukamwita Dokta, na mama yake akawa Mama Dokta. Mama peke yake ndiye hakulitumia jina lile. Yeye alimwita bintiye "mama", anapombembeleza na anapomtuma dukani.

Mama alikuwa dobi. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni ya barabara ya nyuma, akayatia wanga, akayaanika uani, akayapiga pasi kwenye meza iliyosogezwa dirishani ili mvuke utoke na yeye aone wapitao. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Kila jioni binti alishika ncha mbili na mama ncha mbili, wakalivuta likanyooka, wakasogeleana mpaka mikono ikakutana, wakaachana tena. Maongezi yao yote ya maana yalipita hapo.

Binti alikua, akafaulu, akaomba kusomea udaktari. Chuo kikuu chenyewe kilikuwa kile ambacho waombaji wanajaza uwanja wa mpira na wanaochukuliwa wanaenea kwenye basi moja. Mwaka wa kwanza walimkataa bila kumwona. Mwaka uliofuata walimwita kwenye usaili, mdomo ukamkauka mbele ya maprofesa, wakamkataa baada ya kumwona, na hiyo iliuma zaidi. Chuo kiliruhusu mtu kuomba mara tatu tu, kwa hiyo sasa alikuwa na mara moja iliyobaki. Chuo kingine kilimpa nafasi ya kusomea uhasibu, na hao hawakuwa watu wa kungoja.

Asubuhi moja, pasi mkononi, mama alimwona binti akitoka nyumbani. Fundi viatu akapaza sauti kama kawaida yake, "Dokta, umeamkaje?" Binti akaitikia kwa mkono tu. Siku iliyofuata hakupita pale kabisa. Alizunguka nyuma ya nyumba, akakusanya sketi, akaruka mtaro wa maji machafu.

Mama akaiweka pasi kando, akavuka njia.

"Fundi, nina ombi. Lile jina la mwanangu, liacheni kwanza. Linamchoma."

"Nimwiteje sasa? Jina lake la cheti mimi silijui!"

"Mwite binti."

"Ukiita binti mtaa huu, wanageuka wote mpaka bibi wa kona."

"Fundi, nimekuomba."

"Haya, nimesikia. Na wewe je? Wewe si ndiye Mama Dokta?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Alijifuta mikono kwenye khanga ingawa ilikuwa mikavu. "Mimi mniite dobi," akasema.

Mtaa ukatii, kwa taabu. Watu walimsalimu msichana kwa kukohoa. Muuza duka alimwita "mteja". Fundi viatu, mwenye ulimi wa mazoea, alimwona akirudi jioni, akafungua mdomo, "Do..." Akakumbuka. Akayumba hewani kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo, akaangukia neno la karibu. "Dobi! Dobi mdogo, karibu!"

Akajiona mjanja sana. Kesho yake akalirudia.

Jioni hiyo walikunja mashuka mpaka rundo likakaribia kwisha.

"Mama," binti akasema. "Ijumaa ndiyo mwisho wa kutuma maombi. Situmi. Naenda uhasibu."

Wakasogeleana. Mikono ikakutana.

"Kwa nini, mama?"

"Hata fundi ameshaona mwisho wangu. Siku hizi ananiita dobi mdogo."

Mama hakuwahi kuionea haya kazi yake, hata siku moja. Lakini neno hilo lilimgusa pabaya. Hakuziachia ncha za shuka.

"Ni mimi," akasema. "Niliwakataza wasikuite lile jina. Nilikuona ukiruka mtaro, nikajua linakuumiza."

"Wewe?"

"Mimi. Nilitaka upumue kidogo."

Binti alimtazama. "Liliniumiza, ndiyo. Lakini, mama, chuo kimenikataa mara mbili. Mtaa ulikuwa haujanikataa. Nilipoona hata wao wameacha..." Akauficha uso kwenye shuka.

"Usifutie kamasi shuka la watu," mama akasema, naye machozi yake yakimdondokea papo hapo. Shuka lile ilibidi lifuliwe tena.

Ijumaa maombi yalitumwa. Akaitwa kwenye usaili. Maprofesa walipouliza kwa nini anataka udaktari, yale majibu aliyokariri yalimtoroka yote, akajikuta anawaeleza habari za kuku na faneli. Mmoja akacheka. Mdomo ukapata mate, na mengine yakafuata.

Ujumbe wa chuo uliingia kwenye simu ya mama wakati akipiga pasi. Binti akausoma, akausoma tena kwa sauti, na walipokumbuka pasi, foronya ya nyumba ya wageni ilikuwa imeshapata alama ya kahawia yenye umbo la jani. Hakuna aliyejali.

Walitoka pamoja kwa mlango wa mbele. Fundi viatu alikuwa ameinamia soli. Akainua macho, akaona nyuso zao, akazisoma.

"Shikamoo, fundi," binti akasema.

"Marahaba, do..." Akaufumba mdomo. Akamtazama mama. Muuza duka naye alikuwa ametoa kichwa dirishani, anamtazama mama vilevile.

"Malizia tu, fundi," mama akasema.

"Dokta!" Misumari ikatawanyika mchangani. "Dokta wetu! Na Mama Dokta! Sasa huu mgongo?"

"Si nilikwambia ulale?"

"Nikilala, hivyo viatu vya kuendea chuo atakushonea nani?"

Binti alikuwa ameshapiga magoti, anamwokotea misumari yake.