Jina la Ghati Katika Orodha

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo ningependa kuisahau. Lakini nimetunza kumbukumbu maisha yangu yote, na sina ruhusa ya kuchagua zipi zibaki. Ghati aliingia ofisini kwangu Tarime na barua mkononi. Binti yule, ambaye hakuwahi kunipita bila shikamoo, siku hiyo hakuniamkia. Aliiweka barua mezani, akaikunjua, akasema, "Isome kwa sauti."

Nieleze mambo kwa mpangilio wake. Ilikuwa miaka ya watu kukimbilia dhahabu. Kila wiki mashimo mapya yalichimbwa, na wachimbaji waliogopa jambo moja kuliko yote: mashimo mawili kukutana chini ya ardhi. Yakikutana, ama watu hushikiana mapanga, ama udongo huwafukia wote. Mimi, karani kijana, pamoja na mwenzangu wa Mugumu na Odhiambo wa ng'ambo ya Sirari, tulitengeneza programu ya kompyuta ya kusajili mashimo. Ilikuwa programu huria. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, tuliuweka wazi mtandaoni, yeyote aliruhusiwa kuuchukua na kuurekebisha bure, na malipo pekee ya mchangiaji yalikuwa jina lake katika orodha.

Ghati hakujua kuandika msimbo. Alizunguka machimboni na futikamba na dira, akiwauliza waliotoka chini njia inapinda wapi, akachora kila kitu katika daftari. Ndiye aliyegundua kwamba programu yetu ilipima umbali wa midomo ya mashimo huku juu tu, kana kwamba kule chini watu huchimba kwa rula. Nilichukua michoro yake, nikaandika msimbo kwa siku tatu, na mahali pa jina la aliyefanya marekebisho nikaweka langu peke yake. Sikuona aibu. Sheria ya orodha niliitunga mwenyewe: huandikwa yule tu aliyeandika msimbo.

Barua ilitoka chuo cha upimaji. Ghati alikuwa ameomba nafasi, akaitaja programu yetu kama ushahidi wa kazi yake. Walimu waliifungua, wakaisoma orodha, hawakumkuta. Wakamjibu kwamba chuo hakipokei waombaji wanaojidai kwa kazi za wengine.

"Wameniita mwongo," alisema. "Sasa niambie, mwongo ni nani humu ndani?"

Nilimsomea sheria. Alipokataa kuondoka, nilimpigia simu Odhiambo nikitafuta wa kuniunga mkono, na sauti yake ikasikika chumba kizima: "Aii, bosi! Huyo hajaandika hata laini moja. Tukimweka yeye, kesho tutamweka na mama wa chai."

Nilicheka. Ndiyo, mwanangu, nilicheka mbele yake.

Kwenye benchi, kati ya wachimbaji waliongoja zamu, alikuwapo Mzee Mwita wa Nyanungu, mwenye shimo, akisubiri hati yake ya usajili. Alikohoa.

"Karani, mvuta kamba wangu hukaa huku juu mdomoni, haingii shimoni. Hata nyundo hajui inashikwaje. Lakini mawe yakitoka, fungu lake linatengwa kabla ya langu. Unajua kwa nini?"

"Ni desturi yenu, mzee."

"Desturi gani, mura! Ni kwa sababu mimi ndiye niliye chini."

Benchi zima liliangua kicheko. Safari hii sikucheka.

Ghati aliikunja barua yake, akaiweka ndani ya daftari. "Mashimo ya mwezi huu yamo humu," alisema. "Kayapime mwenyewe." Akatoka nalo.

Wiki nzima watu walikuja kuniuliza kama wanaweza kuchimba zaidi bila hatari, nami, bila daftari lile, niliwarudisha nyumbani. Hatimaye niliifuta sheria yangu, nikaliandika jina la Ghati kwenye kila rekebisho lililotoka katika daftari lake, nikaandika barua ya kukiri kosa na kuipeleka chuoni mwenyewe. Mkuu wa chuo aliisoma mara mbili. Akasema nafasi ilikwisha kupewa mtu mwingine.

Ghati hakuomba tena. Aliolewa Busawe, akawa mkulima. Nilimpelekea nakala ya orodha yenye jina lake. Aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa heshima zote. Hakunikaribisha ndani.

Kwa hiyo nimekasirika, wala sifichi, kusoma mabishano yenu ninyi mnaoitunza programu ile leo. Mmeliondoa jina la aliyetafsiri maelezo kwa Kikurya, eti alichangia maneno tu. Maneno tu! Na mchimbaji asiyeyaelewa angeitumiaje programu yenu? Mnapigania nani atangulie katika orodha, huku aliyeshika kamba mmemfukuza. Nataka jina lile lirudishwe, na sababu ya kuondolewa kwake iandikwe kama ilivyokuwa, bila kupambwa.

Mwanangu, jina la mwenzako liandike siku ileile uliyopokea kazi yake, kabla ya lako. Usijitungie sheria inayokulinda wewe mwenyewe. Ukichelewa utaweza kusahihisha orodha, kama nilivyosahihisha mimi, na orodha itakuwa safi kabisa. Lakini mlango wa Busawe hautafunguka kwa sababu hiyo.

Mungu akujalie wenzako waaminifu huko juu kila unaposhuka, na siku utakapolitafuta jina lako, ulikute limekwisha kuandikwa kwa mkono wa mwingine.